Hedifoni zipi zinafaa kutungia muziki wa okestra nyumbani? Kontrabasi zangu zilifunika kila kitu ukumbini

#1 Fidla ya Katuba (Lubumbashi), Jumatatu, saa 2:40 usiku

Ndugu zangu, salamu. Kwa miaka minne sasa ninatunga muziki wa okestra kwa kompyuta hapa Katuba, katika chumba chenye urefu wa mita tatu, bila spika yoyote, kwa sababu ukuta wangu wa kushoto ndio ukuta wa jirani mwenye mapacha wachanga. Chombo changu pekee cha kusikilizia ni hedifoni, yaani kaske kama tunavyosema hapa mjini, za aina iliyofungwa nyuma, ambazo nilizinunua zikiwa zimetumika.

Jumapili iliyopita wimbo wangu wa Pasaka uliimbwa katika ukumbi wa parokia. Kwaya ya watu 40 iliimba, na okestra ilitoka kwenye spika za ukumbi. Nyumbani kila chombo kilikuwa kimekaa mahali pake. Ukumbini kontrabasi zilivuma hadi vioo vya madirisha vikatetema, fidla zikasikika kana kwamba zinapigwa nyuma ya pazia, na waimbaji wa besi wakaikosa noti yao ya kuanzia mara mbili. Nilikuwa nimekaa mwisho kabisa wa ukumbi, na nilitamani wimbo uishe upesi.

Nimeweka akiba ya dola 250, na mwezi ujao shemeji yangu anasafiri kwenda Dubai. Nimwagize hedifoni zipi? Zilizo wazi nyuma au zilizofungwa? Na je, kweli kosa ni la hedifoni?

#2 Tremolo (Lubumbashi), Jumatatu, saa 3:05 usiku

Pole sana. Agiza zilizo wazi. Katika hedifoni zilizofungwa, sauti inayotoka nyuma ya kiwambo hugonga plastiki na kurudi sikioni, ndipo besi inapovimba na okestra nzima ikasikika imebanwa ndani ya kichwa. Mimi ninatumia Sennheiser HD 600, ambazo zimekuwapo sokoni tangu 1997, na sababu moja ya kudumu kwake ni kwamba mito, waya na sehemu nyingine hubadilishwa kwa mikono tu. Fidla zake ni fidla. Ukiweka klarineti mbili zikipiga noti moja, unazisikia mbili.

#3 Kelele za Likasi, Jumatatu, saa 3:31 usiku

Tremolo, wewe unaishi mahali penye utulivu. Hedifoni zilizo wazi hazizuii sauti ya nje hata kidogo, na sisi wengine umeme ukikatika tunawasha jenereta. Hebu tuihesabu: jenereta ndogo ya silinda moja, ya mipigo minne, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hulipuka mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake unaangukia kwenye hezi 25, 50, 75 na kuendelea. Noti ya chini kabisa ya kontrabasi ya kawaida ina hezi 41 hivi. Maana yake jenereta inavuma palepale zinapoishi kontrabasi, sikio linashindwa kuzitenganisha, na mtunzi anaziongeza ili azisikie.

Fidla ya Katuba, je, ulitunga huku jenereta ikiwaka? Kama ndivyo, nunua Beyerdynamic DT 770 Pro, ambazo zimefungwa vizuri.

#4 Selo ya Kampemba, Jumatatu, saa 4:12 usiku

Ninaomba kurekebisha mambo mawili kabla hayajawa imani.

La kwanza ni la #2. Kama hedifoni zilizofungwa zingekuwa zinavimbisha besi, ndugu yetu angesikia besi nyingi nyumbani, angeipunguza, na ukumbini wimbo ungetoka mwembamba. Ukumbini wimbo ulitoka mzito. Kwa hiyo nyumbani alikuwa anasikia besi pungufu, akaiongeza. Tena HD 600, pamoja na uzuri wake ambao siupingi, hushuka taratibu chini ya hezi 100 kama hedifoni nyingi zilizo wazi zilivyo. Akizinunua bila kulifahamu hilo, anaweza kulirudia kosa lilelile kwa dola nyingi zaidi.

La pili ni la #3. Vikombe vilivyofungwa huzuia vizuri kelele za juu, kama redio ya jirani au watoto wanaolia, lakini mvumo wa hezi 50 hupenya karibu kama vile hakuna kizuizi. DT 770 hazitakuondolea jenereta.

#5 Tremolo, Jumatatu, saa 4:20 usiku

Selo, umenishika kwenye mwelekeo wa hoja, nakubali. Juu ya fidla sijabadili msimamo.

#6 Fundi wa Kasapa, Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Habari za asubuhi. Ninatengeneza redio, amplifaya na kaske, na ningependa tuanze na hedifoni alizonazo kabla ya kutumia akiba yake.

Hedifoni zilizofungwa hutegemea mto ushike vizuri kuzunguka sikio. Hewa ikipata mwanya, hata mdogo kama unene wa kijiti cha kiberiti, besi huvuja na kupotea, huku sauti za kati na za juu zikibaki karibu zilezile, na kwa sababu hiyo mtu hashtuki. Mianya hutokana na mambo mawili ninayoyaona kila wiki: mito iliyochakaa, na miwani.

Fanya jaribio hili. Piga noti moja ya chini, E ya kontrabasi, uiache iendelee. Kisha weka viganja juu ya vikombe na uvikandamize taratibu kuelekea kichwani. Noti ikikua wazi chini ya viganja vyako, hedifoni zinavuja.

#7 Mama Uimbaji (Ruashi), Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Mwanangu, kabla hamjamfungua kichwa na miwani yake, ninauliza habari za ukumbi. Nimeongoza kwaya katika kumbi za namna hiyo kwa miaka mingi: kuta za matofali, sakafu ya saruji, mabati juu, na subwufa, ile spika kubwa ya besi, ambayo Jumamosi ilitumika kwenye harusi. Ni nani aliyeishusha Jumapili asubuhi? Tena unasema ulikaa mwisho kabisa wa ukumbi. Ulikuwa umeegemea ukuta?

#8 Fidla ya Katuba, Jumanne, saa 1:10 usiku

Asanteni nyote. Ninajibu kwa utaratibu.

Kelele za Likasi: ndiyo, nusu ya wimbo niliitunga jioni jenereta ikiwaka uani, umbali wa mita kama sita.

Mama: subwufa hakuna aliyeigusa, na ndiyo, mgongo wangu ulikuwa ukutani.

Fundi: nimefanya jaribio na bado nimeshangaa. Nina miwani ya kusomea skrini, na mikono yake ni minene. Nilipovikandamiza vikombe nikiwa nimeivaa, E ya kontrabasi iliinuka kana kwamba kuna mtu aliyefungua mlango wa chumba walimo wapigaji. Nilipoivua miwani, kukandamiza hakukuleta tofauti kubwa. Kisha nikaugeuza mto wa kulia, nikauona: ngozi yake imepasuka kuanzia chini ya sikio hadi nyuma, na sponji imekuwa unga mweusi ambao umekuwa ukibaki shavuni mwangu kwa miezi nami nikidhani ni vumbi la barabarani. Pale mkono wa miwani unapopita, mto una mfereji unaotosha kuingiza ncha ya kidole.

#9 Kivu Kimya (Bukavu), Jumanne, saa 2:02 usiku

Fundi ameleta jambo zito, lakini lipo jingine ambalo halijatajwa. Fidla ya Katuba, huwa unasikiliza kwa sauti ya kiasi gani? Ninauliza kwa sababu mimi hutunga usiku, kila mtu amelala, na ninasikiliza kwa sauti ya chini sana. Sikio la binadamu halipimi sawasawa: kadiri sauti inavyoshuka, ndivyo besi inavyofifia haraka kuliko sauti za kati. Watafiti Fletcher na Munson walilichapisha jambo hili mwaka 1933, na bado linatusumbua. Ukisawazisha okestra kwa sauti ya kunong'ona kisha ukaipiga ukumbini kwa nguvu, besi itafufuka hata kama hedifoni zako hazina kasoro yoyote.

Kuhusu kununua: mimi nilinunua Beyerdynamic DT 990 Pro kwa ajili ya upana wake. Upana upo, lakini zimeinuka karibu na kilohezi 8, na fidla zikipiga kwa nguvu kwa saa mbili masikio yangu huanza kuwasha. Kwa miezi ya kwanza nilikuwa ninazishusha fidla zangu bila kujua.

#10 Mwanafunzi wa Sauti (Lubumbashi), Jumanne, saa 2:45 usiku

Nina maoni mawili. Kwanza, nimesoma kwamba kadiri omu za hedifoni, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme, zinavyokuwa nyingi ndivyo ubora unavyozidi, kwa hiyo asinunue chini ya omu 250. Pili, Lubumbashi ipo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, sauti huenda polepole, na pengine vipimo vya hedifoni vilivyofanywa Ulaya havitufai.

#11 Mwalimu wa Solfeji, Jumanne, saa 3:20 usiku

Mwanafunzi, maswali mazuri, ila la mwinuko si sahihi. Mwendo wa sauti hewani hufuata joto, na mwinuko wenyewe karibu hauuathiri. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni takriban mita 343 kwa sekunde, na kwenye nyuzi 30 ni karibu mita 349, iwe Lubumbashi au Matadi.

Hesabu hiyo ina kazi kwingine. Chumba cha mita tatu hujenga mvumo wake wa kwanza kwenye hezi 57, kwa sababu 343 ukiigawanya kwa 6 unapata 57 na kidogo. Ndugu yetu angekuwa na spika katika chumba kile, A ya chini ya kontrabasi, yenye hezi 55, ingevuma kuliko jirani zake wote. Hedifoni zimemwepusha na balaa hilo, na ndiyo sababu simshauri akimbilie spika, kama watu wengi wanavyoshauri katika mada za namna hii.

#12 Fundi wa Kasapa, Jumanne, saa 3:48 usiku

Naongeza kuhusu omu. Ukinzani hausemi lolote juu ya ubora. Unasema kadi yako ya sauti inahitaji kusukuma kwa volti kiasi gani. Tuseme kadi inatoa volti 1. Hedifoni za omu 32 zitapata miliwati 31, za omu 80 zitapata 12.5, za omu 250 zitapata 4, na za omu 300 zitapata 3.3. Beyerdynamic wanatengeneza modeli moja kwa omu 80 na kwa omu 250. Ufanisi ukiwa uleule, ile ya 250 itasikika chini kwa takriban desibeli 5 kwenye kitufe kilekile. Kwa muziki wa dansi hilo ni jambo dogo. Kwa okestra, ambapo filimbi moja inanong'ona kisha tromboni zote zinaingia, unahitaji akiba ya nguvu, na kadi ndogo inayopata umeme kutoka kwenye kompyuta inaweza kuishiwa pale kwenye kilele.

Na kwa kuwa tupo katika mji wa shaba, naomba niliseme kabla halijaulizwa: usilipie waya wa «shaba safi zaidi». Waya wa mita tatu, kwenda na kurudi, wenye unene wa milimita ya mraba 0.1, una ukinzani wa omu 1 hivi. Mbele ya omu 300 hiyo ni kama tone ndani ya ndoo.

#13 Selo ya Kampemba, Jumatano, saa 6:30 mchana

Fundi, kila mada huwa unaifikisha kwenye waya, na kila mara huwa una haki.

Hata hivyo, maelezo ya mianya yana pengo ambalo sijaweza kulivuka. Mtunzi makini hulinganisha kazi yake na rekodi za okestra halisi. Kama hedifoni zinavuja, zinavuja kwa rekodi zote, zake na za wengine. Angesikia besi pungufu kwenye rekodi ya Berlin au ya Vienna vilevile, sikio lake lingeizoea, na angesawazisha kazi yake ifanane na alichokisikia. Basi kwa nini hakufanya hivyo?

Swali la pili: kwa nini kontrabasi peke yake? Timpani zake nazo ni za chini, na hakutuambia kama zilivuma.

#14 Fidla ya Katuba, Jumatano, saa 12:20 jioni

Selo, swali lako la kwanza lilinifanya nisimame katikati ya barabara leo. Rekodi za okestra ninazisikiliza kila usiku kabla ya kulala, nikiwa nimejilaza, miwani ikiwa mezani. Ninatunga nikiwa nimevaa miwani. Sikuwahi kusikiliza rekodi hata moja nikiwa nimeketi kwenye kiti cha kazi na miwani usoni. Nilikuwa na hedifoni mbili tofauti bila kujua.

La pili: timpani hazikuvuma kupita kiasi. Zilikuwa na nguvu, lakini zilikuwa timpani.

#15 Kelele za Likasi, Jumatano, saa 12:41 jioni

Hilo la timpani linarudisha hoja yangu. Timpani kubwa huanza karibu na C ya hezi 65 na kupanda, na pigo lake lina kishindo cha juu ambacho jenereta haiwezi kukifunika. Kontrabasi inayovuta noti ndefu kwenye hezi 45 au 50 haina kishindo. Inazama kabisa ndani ya mvumo wa injini. Angalieni vilevile: sehemu zilizovuma zaidi ukumbini, je, si zile alizozitunga jioni?

#16 Mwalimu wa Solfeji, Jumatano, saa 2:15 usiku

Ninaleta maelezo mengine, kwa sababu ninaona tumeikaza macho hedifoni tukasahau kilichopo kati ya hedifoni na ukumbi.

Kumbi nyingi za parokia hupiga sauti kwa mono: kushoto na kulia vinajumlishwa kuwa kimoja. Sauti za vyombo halisi tunazozitumia kutungia kwa kompyuta, nyingi zimerekodiwa kwa maikrofoni zilizotenganishwa, mara nyingi kwa mpango wa maikrofoni tatu juu ya mwongozaji wa okestra ambao wahandisi wa kampuni ya rekodi ya Decca nchini Uingereza waliubuni katika miaka ya 1950, ile ya kushoto na ya kulia zikiachana kama mita 2. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kwa wimbi hilo maikrofoni mbili ni kama zimesimama mahali pamoja, zinapokea kitu kilekile, na ukijumlisha unapata ongezeko la desibeli 6. Mawimbi ya fidla ni mafupi. Yanafika kwenye kila maikrofoni kwa namna tofauti, mengine yanafutana yanapojumlishwa, na ongezeko lake ni kama desibeli 3 tu, pengine pungufu. Tofauti ya desibeli 3 inatosha kuitupa fidla nyuma ya pazia alilolitaja katika #1. Hedifoni hazitaonyesha jambo hilo hata zikiwa za dola 2,000, kwa sababu sikio la kushoto linapata kushoto tu na la kulia linapata kulia tu.

Programu yako ina kitufe cha mono. Kibonyeze usikilize.

#17 Fidla ya Katuba, Jumatano, saa 3:50 usiku

Nimekibonyeza, bila miwani, umeme upo, jenereta imezimwa. Fidla zimerudi nyuma kweli, hasa fidla za pili, na mwangwi wa ukumbi uliorekodiwa umepungua karibu nusu. Kontrabasi zimesogea mbele. Lakini ninakiri kwamba si kwa kiasi nilichokisikia Jumapili. Vioo havingetetema kwa hiyo peke yake.

Kelele: nimeangalia tarehe za mafaili. Sehemu ya tatu, iliyovuma zaidi, niliitunga alfajiri, jenereta ikiwa imezimwa. Sehemu ya kwanza, ya jioni, haikuwa mbaya sana.

#18 Kelele za Likasi, Jumatano, saa 4:05 usiku

Alfajiri ulisikiliza kwa sauti ya chini ili usiwaamshe watu, sivyo? Basi Kivu Kimya ana haki katika sehemu ya tatu nami katika ya kwanza.

#19 Tremolo, Jumatano, saa 4:22 usiku

Ninarudi kwenye swali lililoulizwa, maana ndugu yetu bado ana dola 250 na shemeji anayesafiri. Mvaa miwani asinunue hedifoni zilizofungwa. Zilizo wazi hazitegemei sana mshiko wa mto, kwa sababu hewa inapita kila upande tangu mwanzo. Mkono wa miwani hubadilisha kidogo tu. Zitakuwa na besi pungufu, sawa, lakini upungufu wake ni uleule leo na kesho, ukiwa umeketi au umejilaza, na kitu kisichobadilika mtu anaweza kukijifunza.

Na kuhusu kushoto na kulia alikotaja Mwalimu, zipo programu zinazopenyeza sauti kidogo ya upande mmoja kwenye sikio la pili, kama spika zinavyofanya chumbani. Mimi huziwasha ninapopanga viti vya okestra na kuzizima ninapotafuta makosa.

#20 Mama Uimbaji, Alhamisi, saa 2:10 asubuhi

Nimeisoma mada yote. Naomba niseme jambo la masikio yenyewe.

Niliwahi kukaa karibu na kontrabasi mjini Kinshasa, katika mazoezi ya Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ile aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994. Nilidhani nitasikia mvumo. Nilichokisikia kwanza ni upinde ukikwaruza uzi, mchakacho mkavu wa nywele na utomvu, kisha noti ikafuata kupitia miguu ya kiti changu. Kontrabasi nne pale hazikuwa na kelele. Zilikuwa na uzito. Vijana wengi wanaotunga kwa kompyuta hawajawahi kukaa hapo, kwa hiyo wanatafuta uzito kwa kuongeza sauti. Mwanangu, hata ukipata hedifoni zisizo na kasoro, utajuaje kontrabasi imetosha kama hujawahi kukutana nayo? Hapa Lubumbashi nenda hata kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo wakati wa mazoezi ya kinanda, ukae mbele, kisha ukae nyuma, usikilize noti za chini zinavyobadilika kati ya viti viwili.

#21 Kivu Kimya, Alhamisi, saa 7:05 mchana

Mama, asante kwa maneno hayo. Mimi sijawahi kuisikia kontrabasi halisi kwa karibu.

Ninaongeza tahadhari mbili. Ya kwanza: nilipotaja hatari ya sauti ya chini mno, sikumaanisha ndugu yetu apandishe bila mpaka. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu: kwenye 83 ni saa 20. Anayetunga kila usiku anaufikia mpaka huo upesi. Ya pili: hedifoni bandia zimejaa sokoni. Niliwahi kuuziwa moja ndani ya sanduku lililochapishwa vizuri. Namba ya upande wa kushoto haikufanana na ya kulia, na waya ulikuwa umegundishwa mahali ambapo halisi huchomolewa. Shemeji achomoe waya dukani kabla ya kulipa.

#22 Selo ya Kampemba, Alhamisi, saa 1:30 usiku

Hoja ya Tremolo katika #19 ndiyo imenigeuza kidogo: uthabiti ni bora kuliko wingi wa besi. Kama ni zilizo wazi, nisingeitazama HD 600 peke yake. AKG K702 zina omu 62 lakini msizidharau, zinataka kusukumwa, na upana wake unafaa mtu anayepanga viti vya wapiga vyombo. Audio-Technica ATH-R70x zina uzito wa gramu 210 tu, jambo ambalo mvaa miwani atalishukuru baada ya saa tatu, ila zina omu 470, na hapo hesabu ya Fundi ya #12 inarudi kwa nguvu.

Hata hivyo bado sijaridhika kuhusu chanzo. Mianya na miwani inaeleza mengi. Mono inaeleza fidla kurudi nyuma, haielezi vioo kutetema. Subwufa ya harusi pamoja na ukuta wa nyuma vinaeleza vioo, lakini hapo kosa lingekuwa la ukumbi na wimbo wake ungekuwa hauna hatia. Ningekuwa yeye nisingenunua chochote kabla ya kuupiga wimbo ule palepale kwa mara ya pili.

#23 Fidla ya Katuba, Alhamisi, saa 3:15 usiku

Selo, nitafanya hivyo hasa. Mlinzi wa ukumbi amekubali kunipa ufunguo Jumamosi kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Tremolo ameniandikia pembeni kwamba ataniazima HD 600 zake. Nitaupiga wimbo wa zamani kama ulivyo, mara moja subwufa ikiwaka na mara moja ikiwa imezimwa, nikisikiliza katikati ya ukumbi na nikiwa ukutani. Kisha nitaisawazisha sehemu ya tatu upya palepale, kwa hedifoni zangu bila miwani na kwa zile za Tremolo nikiwa na miwani, na kupiga matokeo yote mawili kwenye spika. Mama, ningefurahi kama ungekuja na mwimbaji mmoja wa besi, maana wao ndio waliopotea.

#24 Mama Uimbaji, Alhamisi, saa 3:22 usiku

Nitakuja na wawili.

#25 Fundi wa Kasapa, Ijumaa, saa 12:40 asubuhi

Nitakuletea mito mipya ya hedifoni zako. Nimepata jozi inayolingana, ya kitambaa laini, ambayo mkono wa miwani huzama ndani yake badala ya kuiinua. Ivae kwanza kabla hujagusa za Tremolo, urudie jaribio la viganja kwa ile E, na uniruhusu niwepo nisikie.